Baridi ya Uongo

Sensa ninayoizungumzia hapa siyo ile ya makarani waliopita mitaani Agosti 2022 wakatuhesabu, kisha tukatangaziwa kwamba Watanzania tumefika 61,741,120. Hiyo ilikwisha salama. Sensa yangu ni kadude kadogo, hakazidi punje ya karanga, kanakokaa ndani ya friza. Kazi yake ni moja tu: kuhisi baridi na kupeleka habari. Mafundi wetu walilichukua neno hilo kwa Waingereza, wakalikata mkia, likaja kukaa juu ya neno ambalo tayari tulikuwa nalo. Mama yangu aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ndani ya friza lake kuna sensa, aliuliza kama na karani wake naye analipwa.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, najua wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mnatoka nyumba kama yetu, nyumba ambazo friza siyo pambo la sebuleni. Friza ndilo duka, ndiyo benki, ndiyo ada ya mtoto. Ya pili, sisi tunaojikongoja kuandika tuna tabia ya kusema "natafuta kisa". Tunakwenda baharini kutafuta kisa, tunapanda daladala hadi mwisho wa ruti kutafuta kisa. Hiki mimi kilinikuta jikoni.

Sisi tunakaa Tandika. Mama huamka saa tisa za usiku kwenda Feri, anarudi na kibua, changu, na siku ya bahati vipande vya jodari. Wanaouzika asubuhi wanauzika. Wanaobaki wanalala kwenye friza hadi kesho. Droo ya juu kabisa ni ya barafu za ubuyu na ukwaju, wateja wake ni watoto wa shule. Friza lenyewe ni la kusimama wima, la mtumba, lilitoka Ulaya, lina droo sita na kioo kidogo mlangoni chenye namba nyekundu. Namba ile ndiyo baridi ya ndani. Inatakiwa isome -18, yaani nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Mama hakusoma fizikia, lakini ile kumi na nane anaijua kama anavyojua namba yake ya simu. Kila akipita anaitupia jicho.

Wiki ile alikuwa amechukua samaki wa shilingi 140,000 kwa mali kauli. Kwa wale ambao hawajaonja biashara hii: mali kauli ni kwamba unachukua mzigo bila kutoa hata senti, dhamana yako ni mdomo wako. Umesema Ijumaa, basi ni Ijumaa. Ukivunja mara moja, mara ya pili tajiri anakuangalia usoni na kukuambia mzigo umekwisha, na huku unauona umejaa beseni. Jumamosi yake tena palikuwa na marejesho ya kikoba.

Alhamisi asubuhi Mama akavuta droo ya tatu. Kibua aliyeganda sawasawa ukimgonga mezani analia kama kigogo. Yule wa asubuhi ile alijikunja mkononi kama soksi. Maji ya ubuyu yalikuwa yanachuruzika kutoka juu, yanapita kwenye samaki, yanatoka chini ya mlango hadi kwenye mkeka. Mama akarudisha droo, akafunga mlango, akaangalia kioo. -18.

"Mbona inasema kumi na nane?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile ndilo lililotuokoa, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Kwanza tulikimbizana na samaki. Jirani mwenye friza la kisanduku alitupa nafasi ya kilo chache, na Mungu ambariki kwa hilo. Waliobaki Mama akawapaka chumvi na kuanza kuwakaanga palepale, kwa sababu samaki akishakaangwa anakupa siku moja ya kupumua. Bei yake inashuka, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Nyumba nzima ikanuka mafuta, na katikati ya moshi ule akaingia fundi aliyeitwa kwa simu.

Fundi akainama nyuma ya friza, akatega sikio. Kimya. Akaweka kiganja juu ya kompresa, ile chupa nyeusi ya chini inayosukuma gesi. Ya baridi. Akasimama, akapangusa mikono. "Mama, kompresa imekufa. Laki mbili na themanini, na gesi humo humo. Kama hali siyo nzuri, mimi nalichukua hivi hivi kama chuma, nakupa elfu sitini sasa hivi."

Begi lake la vifaa hakulifungua. Nikamwuliza, kwa adabu tu, "Fundi, kama kompresa imekufa, hii namba mbona inasema kumi na nane?"

"Hizo namba urembo tu, dogo."

Wewe msomaji hukuwepo, lakini ungemwona Mama pale. Alikuwa ameshika mwiko, jasho linamtoka, na nilimwona anapiga hesabu ya elfu sitini. Elfu sitini mkononi Alhamisi, na deni la 140,000 Ijumaa. Mtu mwenye kiu haulizi maji yametoka kisima gani. Nikamwambia, "Mama, tumpe fundi jibu kesho." Fundi akasema kesho bei inaweza kuwa hamsini, akaenda zake.

Alipoondoka nikalipiga friza darubini kwa namna yangu. Nikafungua mlango wazi kabisa, nikaketi kwenye kigoda mbele yake kwa nusu saa. Ilikuwa mwezi wa pili, na joto la Dar mwezi wa pili halihitaji maelezo. Ndani ya friza mkono wangu haukuona baridi yoyote. Namba ikatoka -18 ikapanda hadi -16, ikagoma hapo. Nyuzi kumi na sita chini ya sifuri, na mlango uko wazi, na mimi natokwa na jasho mbele yake. Si mchezo.

Nikavaa kandambili nikaenda mtaa wa tatu kwa mzee wa redio. Huyu ni mzee ambaye tangu niko darasa la kwanza namwona chini ya mwembe na meza yake ya mbao, redio zimefunuliwa matumbo. Siku hizi anatengeneza zaidi feni, pasi na spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Hakusema kompresa, hakusema gesi. Aliniuliza maswali matatu: Taa ya ndani inawaka? Mota inalia au imenyamaza? Na namba inasema ngapi wakati samaki wamelainika? Nilipojibu la tatu akacheka kidogo, akaanza kukusanya vitu vyake: mita ya kupimia umeme, bisibisi mbili, kikopo cha vipande vya redio, na daftari kubwa la jalada gumu lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Njiani akanifungulia akili. "Sikiliza bwana mdogo. Gesi ikivuja, mota italia mchana kutwa bila kupumzika, baridi haiji, na namba itapanda: sifuri, tano, kumi. Kompresa ikifa, mota haitalia, baridi haiji, na namba itapanda vilevile, maana joto linaingia na sensa inaliona. Sasa lenu mota imenyamaza, joto limeingia, na namba haijapanda. Hapo nani amekosa?"

"Anayepeleka namba."

"Basi. Bodi ya friza ni kama bosi aliyejifungia ofisini. Haoni nje. Anategemea tarishi. Tarishi akimwambia baridi ipo ya kutosha, bosi anasema sawa, zima mota. Mota haijafa. Imeambiwa ilale."

Kufika nyumbani, jambo la kwanza alitoa plagi ukutani. Siyo kuzima swichi tu. Plagi nje, waya umewekwa mahali tunapouona. Mikono mikavu, sakafu imepangusiwa yale maji. Halafu akafungua kifuniko kidogo cha plastiki juu ya ukuta wa nyuma, kwa ndani. Ikatoka sensa ya kwanza, inayopima hewa ya ndani. Akaondoa na ubao wote wa nyuma, na hapo kwenye mabomba yanayotengeneza baridi palikuwa na pacha wake, amebanwa kwa kibanio. Huyu wa pili kazi yake ni tofauti. Friza la aina hii lina hita ndogo inayoyeyusha utando wa barafu kila baada ya muda, na sensa ya pili ndiyo inayoiambia bodi kwamba mabomba yamepata joto la kutosha, zima hita.

Sasa nieleze kidogo sensa inafanya kazi vipi, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui na nilifurahi kujua. Chuma cha kawaida, kama waya wa shaba, kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyouzuia umeme zaidi. Lakini kuna vitu vina tabia ya kinyume. Mwaka 1833 Mwingereza mmoja, Michael Faraday, aliona kwamba salfaidi ya fedha ikipashwa moto inapitisha umeme vizuri zaidi. Sensa ya friza ni ya ukoo huo. Imetengenezwa kwa oksaidi za metali kama manganizi na nikeli, zikachomwa zikawa kama kigae kidogo. Ikiwa na joto, kizuizi chake kwa umeme ni kidogo. Ikipata baridi, kizuizi kinapanda. Kizuizi hicho kinapimwa kwa omu. Bodi inapitisha umeme mdogo sana kwenye sensa, inaangalia kizuizi ni kiasi gani, kisha inakigeuza kuwa nyuzi za joto. Kwa hiyo ile namba nyekundu mlangoni siyo baridi yenyewe. Ni tafsiri ya habari iliyoletwa na tarishi.

Mzee akafungua daftari. Kurasa zimejaa majedwali ya mwandiko wa mkono, safu mbili mbili: nyuzi huku, omu kule. Akaweka kidole. Sensa ya aina hii kwenye nyuzi 25 inatakiwa kusoma omu 5,000. Kwenye sifuri, 16,300. Kwenye -18 inapita 40,000, na kwenye -20 inafika kama 48,400.

"Sifuri tutaipata wapi?" nikamwuliza.

"Kwa mama yako. Niletee barafu na maji."

Hapa nilijifunza kitu ambacho naona kila mwenye friza angekijua. Ponda barafu, jaza kikombe, mimina maji kidogo yafunike, koroga, subiri dakika chache. Mchanganyiko huo unakaa kwenye nyuzi sifuri na hautoki hapo mpaka barafu iishe. Huhitaji kipimajoto, huhitaji maabara. Sifuri imo kwenye kikombe cha chai.

Tulichomoa sensa zote mbili kwenye bodi, kwa sababu ukipima zikiwa zimeungwa, bodi nayo inachanganya hesabu. Tukazitumbukiza kwenye kikombe kimoja. Pacha wa kwenye mabomba akasoma 16,300, kama daftari lilivyosema. Wa hewa akasoma 48,000. Kikombe kimoja, maji mamoja, majibu mawili.

Mzee akanipa ile sensa niishike ndani ya ngumi. Yule mzima alipopata joto la mkono alishuka chini ya 4,000. Mgonjwa akashuka pia, lakini akaishia 36,000.

"Toa," akasema mzee. "Arobaini na nane toa kumi na sita. Thelathini na sita toa nne."

Thelathini na mbili, na thelathini na mbili. Popote alipopimwa, yule mgonjwa alikuwa na omu 32,000 za ziada. Hapo ndipo nilipoelewa. Sote tumewahi kusikia mizani ya sokoni iliyobandikwa jiwe chini ya sahani. Haina kichaa. Nyama ikiongezeka mshale unapanda, nyama ikipungua mshale unashuka, kila kitu kinakwenda kama kawaida. Ila kila kipimo kina jiwe ndani yake. Sensa yetu ilikuwa hivyo hivyo. Ndani ya friza kukiwa na nyuzi kumi za joto, yenyewe ilipeleka habari ya -18. Kukiwa na nyuzi sifuri, ilisema -20, na bodi ikazima mota. Ili bodi iiwashe tena, ilibidi ndani kuwe na joto la kupita nyuzi 25. Nani anagandisha samaki kwenye joto la kupita nyuzi 25?

Nikauliza kwa nini friza halikupiga kelele. Lina king'ora, lina alama za hitilafu, tunazijua. Mzee akasema king'ora kinalia waya ukikatika kabisa, kwa sababu hapo kizuizi kinakuwa hakina mwisho, au waya zikigusana, hapo kizuizi kinakuwa sifuri. Bodi inajua kwamba hakuna baridi ya namna hiyo duniani. Lakini -18 ni namba nzuri. Ndiyo namba inayotakiwa. Bodi itaikataaje?

Ndugu zangu wa kalamu, niliacha kusikiliza kwa sekunde kadhaa. Nilikuwa na mswada wa riwaya uliokwama kwenye sura ya saba, na ndani yake kuna mjomba mwongo. Nilikuwa nimemwandika anadanganya kwa makeke, anadai ana majumba Ulaya, anadai ni rafiki wa wakubwa. Hata mtoto asingemwamini. Pale jikoni niliona kwamba mtu anayeangusha nyumba hasemi hivyo. Anasema kile kile ambacho bosi alitarajia kusikia, tena kwa sauti ya kawaida. Lakini tuendelee na friza, mjomba atasubiri.

Mzee hakukimbilia kulaumu sensa. Waya wake ulikuwa na kiungo cha zamani, umesokotwa na kufungwa solotepu, kazi ya mtu wa huko lilikotoka. Akafungua. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. "Anaweza kuwa huyu," akasema. Akakata kiungo chote, akakwangua waya mpaka ukang'aa, akapima tena kwenye kikombe, safari hii karibu kabisa na kichwa cha sensa. 47,000 na ushee. Kiungo kilikuwa kibovu, lakini jiwe lenyewe halikuwa pale. Akaigeuza sensa juani, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye plastiki, mahali waya unapoingilia. Maji yalipita hapo miaka na miaka, yakaila miguu ya waya kwa ndani.

Likabaki swali la Mama, ambalo alikuwa amelishikilia tangu asubuhi pamoja na mwiko: kompresa ni nzima au siyo nzima? Maana sensa inaweza kuwa mbovu na kompresa nayo ikawa imekufa. Shida hupenda kuja na wenzake.

Mzee akachokoa kikopo chake, akatoa kipande cha redio chenye mistari ya rangi: kahawia, nyeusi, chungwa. Ni kizuizi cha omu 10,000, kisichojali joto wala baridi. Akakiunga kwenye waya wa bodi mahali pa sensa. Kwa jedwali la daftari, omu 10,000 ni sawa na nyuzi kumi za joto. Yaani tulikuwa tunamweleza bosi, safari hii kwa makusudi, kwamba ndani kuna joto. Akarudisha plagi.

Namba ikawaka: 10. King'ora kikaanza kulia. Mota kimya.

Nikamtazama mzee. Akasema bodi nyingi zinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha kompresa, ili gesi itulie isije ikaumia. Tukasubiri. Mama akazima jiko. Mdogo wangu akaja na kusimama mlangoni. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne mimi nilianza kufikiria ile elfu sitini, na kwamba kesho ingekuwa hamsini. Ya tano ikapita.

Kukasikika "tak". Kisha friza likatetemeka kidogo mgongoni, likaanza kunguruma ile sauti yake ya kila siku ambayo tulikuwa tumeacha kuisikia. Mama akaweka kiganja ukutani mwa friza na kukiacha hapo. Hakusema kitu.

Kesho yake nikaenda Kariakoo na sensa mgonjwa mfukoni, na mita ya mzee nikaazimwa. Muuzaji akamwaga sensa mezani, zote nyeusi, zote na waya mbili, zinafanana kama mapacha. "Chukua yoyote, zote za friji." Hapo ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna za omu 5,000, kuna za 10,000, kuna na nyingine, na ukifunga isiyo ya ukoo wake unakuwa umebadilisha mwongo kwa mwongo. Nikapima moja moja pale pale dukani. Kwenye joto la Kariakoo, kama nyuzi 30 hivi, ile ninayoitaka inatakiwa isome karibu 4,000. Ya kwanza 8,000, weka pembeni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu 4,000 na kidogo. Shilingi 7,000.

Mzee akaiunga kwa risasi ya kuchomelea, akavisha neli ya mpira inayobana ikipashwa moto, kisha akaziba kwa silikoni maji yasipate njia. Kabla ya kuifunga, akaitia kwanza kwenye kikombe cha barafu. 16,300. Namba ya mlangoni ikawaka 24, namba ya kweli, namba ya aibu. Tuliiona ikishuka jioni ile yote: 9, 0, -7. Asubuhi ilikuwa -18.

Nilimwuliza mzee kuhusu yule fundi wa kwanza, nikitegemea atamwita tapeli. Akakataa. "Mota iliyolala na mota iliyokufa, ukisimama nje zinafanana. Yeye hakupima tu." Akachukua shilingi 15,000 na kibua wawili wa kukaanga.

Sitaki mdhani mambo yote yalinyooka. Samaki wa kukaanga waliuzwa kwa bei ya kutupa. Ijumaa Mama alipeleka Feri 95,000 badala ya 140,000, akasimama mbele ya tajiri wake akamweleza habari ya sensa mwanzo hadi mwisho. Tajiri alimsikiliza, akampa hadi Jumatatu, lakini kwa wiki mbili zilizofuata hakumpa mzigo ila kwa pesa taslimu. Marejesho ya kikoba yalilipwa na faini ya kuchelewa.

Kwa nyinyi wenye friza nyumbani, chukueni haya machache. Kama mota inanguruma bila kupumzika na yuniti za LUKU zinakimbia, huenda sensa inasema kuna joto wakati kuna baridi. Huo ni uongo wa upande wa pili. Kama lenu ni la kisanduku, lenye kitasa cha kuzungusha namba moja hadi saba, humo kwa kawaida hakuna sensa ya aina hii. Kuna kibomba chembamba chenye gesi inayotanuka na kusinyaa, ikisukuma swichi. Kikipasuka, gesi inatoroka na mota haiwaki, na hapo pia utaambiwa kompresa imekufa. Na fundi yeyote akikutajia laki kabla hajafungua begi, mpe kigoda na chai, mwombe apime.

Mama naye amejiwekea shahidi wake. Kwenye droo ya chini ameweka kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu ameweka sarafu ya shilingi 200. Sarafu ikiwa juu, usiku ulipita salama. Ikikutwa imezama, barafu iliyeyuka wakati tumelala, hata kama namba inasema nini. Bado anaangalia kioo kila akipita, ila kila asubuhi anafungua na droo ya chini.

Mimi sasa nina kazi jioni. Lile daftari la mzee kurasa zake zinaachia, wino wa miaka ya nyuma umefifia, na namba 3 na 8 zimeanza kufanana. Nimenunua daftari jipya la kurasa mia mbili, nalinakili chini ya mwembe, yeye akinisomea zile ambazo macho yangu hayazioni. Tuko kwenye ukurasa wa thelathini na moja, feni za meza.